Isaac Singer na Mali ya Cherehani

Usiku mmoja baada ya darsa, hali ya kuwa baadhi ya watu wamekwisha kusimama wakitafuta viatu vyao, kijana mmoja katika wanafunzi wetu aliuliza mas'ala ambayo hayakuwamo katika kitabu tulichokuwa tukikisoma. Aliuliza kama ni haki mtu aliyevumbua kitu kimoja awe na mali yenye kushinda mali ya mji mzima, na hali wale wanaokiunda kitu hicho kwa mikono yao hawapati ila chakula cha siku. Kabla sijafungua kinywa, alimjibu mzee mmoja fundi wa kushona kanzu, ambaye siku zote hukaa karibu na mlango. Mzee alisema kuwa yeye amewalea watoto wake wote kwa cherehani moja, na kwamba aliyeibuni cherehani hiyo, lau angepewa dunia na vilivyomo, hangekuwa amepewa kupita haki yake. Watu walicheka, wakatawanyika.

Mimi sikulala upesi usiku ule, kwani niliona ya kuwa mzee amesema neno lenye uzito, na kijana vile vile. Basi nikaanza kutafuta khabari za mtu huyu ambaye jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya chuma cheusi katika nyumba nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi; jina ambalo wengi wetu tulilijua kabla ya kujua kusoma. Nimeona niyaandike hapa maisha yake, na msomaji atajionea mwenyewe mali ile ilitoka wapi na ilipita mikononi mwa nani. Na niseme mapema lililonishangaza zaidi: mzee wetu akitaka kumpa dunia aliyeibuni cherehani, itamlazimu kwanza aulize ni yupi.

Isaac Merritt Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba mwaka 1811, katika kijiji cha Pittstown, jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Wazazi wake waliachana yeye angali mtoto, na alipofika umri wa miaka kumi na miwili alitoka kwao akaenda kukaa kwa nduguye katika mji wa Rochester. Kusoma hakusoma sana. Alijifunza kazi ya chuma na mashine, naye alikuwa na mkono mwepesi wa kazi hiyo. Lakini moyo wake ulikuwa katika michezo ya jukwaani. Alikuwa mrefu wa kimo, mwenye sauti kubwa, na alipenda kutazamwa na watu. Kwa miaka mingi alizunguka miji na vijiji pamoja na kundi la wachezaji, akala leo akalala na njaa kesho.

Alioa mwaka 1830, akiwa na miaka kumi na tisa, mwanamke jina lake Catharine Haley. Mwaka 1836, katika mji wa Baltimore, alikutana na binti mwingine, Mary Ann Sponsler, akamwahidi ndoa bila ya kumweleza kuwa ana mke. Binti huyo alikaa naye zaidi ya miaka ishirini, akamzalia watoto kumi, akashiriki naye dhiki zote za siku za umasikini. Nitarudi kwake baadaye, kwani khabari yake inahusu mali vile vile.

Mara ya kwanza Singer kupata faida kwa uvumbuzi ilikuwa mwaka 1839. Alibuni mashine ya kutobolea mwamba, akaiuza haki yake kwa dola 2,000, na fedha hizo zote akazitia katika kundi la wachezaji wake mpaka zikaisha. Miaka kumi baadaye, mwaka 1849, alipata hati ya mashine ya kuchongea herufi za mbao za kupigia chapa. Nayo haikumletea kitu. Boila la mvuke lilipasuka katika jengo alimokuwa ameiweka huko New York, watu wakafa, na mashine yake ikaharibika. Hapo Singer alikuwa ameshapita nusu ya umri wake, hana chochote.

Yafaa hapa nimwache Singer kidogo niwataje watu watatu waliomtangulia, kwani bila wao habari hii haifahamiki.

Wa kwanza ni fundi wa Kifaransa, Barthélemy Thimonnier. Yeye alipata hati ya mashine ya kushona mwaka 1830, na punde si punde zikawako mashine zake zipatazo themanini mjini Paris, zikishona sare za askari. Mafundi wa mkono walikhofu kukosa riziki zao. Mwaka 1831 walivamia kiwanda wakazivunja mashine, naye akakimbia. Alijaribu tena na tena, na mwaka 1857 akafa masikini.

Wa pili ni Walter Hunt wa New York, na huyu nakiri nimempenda. Akili yake ilikuwa haipumziki; kila wiki alikuwa na kitu kipya. Ile pini inayojifunga yenyewe, ambayo mama hufungia nguo za mtoto mchanga na wanawake hufungia mitandio yao, aliibuni yeye mwaka 1849, kwa sababu alikuwa akidaiwa dola 15, na haki yake yote akaiuza kwa dola 400. Huyu ndiye aliyeunda, karibu na mwaka 1834, mashine yenye sindano ambayo tundu lake liko upande wa ncha, na chini yake kuna kijichombo chenye kupitisha uzi wa pili ili nyuzi mbili zifungane. Kila aliyepata kufungua cherehani akaitazama ndani anajua kuwa hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Lakini Hunt hakuiombea hati. Husimuliwa kuwa alimshauri binti yake Caroline, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, afanye biashara ya kushona kwa mashine hiyo, na binti akakataa, akisema wanawake masikini wanaoishi kwa sindano watakosa kazi. Hunt akaiacha mashine ikaota kutu.

Wa tatu ni Elias Howe, fundi wa mashine aliyekuwa akifanya kazi Boston na kukaa mji wa Cambridge ulio jirani. Alikuwa dhaifu wa mwili, na mkewe alikuwa akishona nguo za watu usiku ili nyumba ipate chakula. Howe aliunda mashine yake mwaka 1845, bila ya kujua ya Hunt, na tarehe 10 Septemba mwaka 1846 akapewa hati na serikali. Hati hiyo, ambayo siku hizi kwa Kiswahili huitwa hataza, maana yake ni kwamba kwa muda wa miaka kadha hapana mtu mwingine mwenye ruhusa ya kuunda au kuuza kitu kile ila kwa idhini ya mvumbuzi. Lakini hati si mkate. Mashine moja ilikuwa ikitakiwa dola 300, na hapana aliyenunua. Howe alikwenda London kutafuta riziki kwa tajiri mmoja aliyenunua haki ya Uingereza kwa pauni 250, wakakosana. Akaiweka rehani mashine yake pamoja na hati yake ili apate nauli ya kurudi. Mwaka 1849 alipofika Marekani alimkuta mkewe yu katika kufa kwa kifua kikuu, na kwenye maziko alivaa nguo za kuazima. Wakati huo huo akasikia kuwa watu wanatengeneza na kuuza mashine zenye sindano mfano wa ile yake.

Sasa turudi kwa Singer. Mwaka 1850 alihamia Boston na ile mashine yake ya kuchongea herufi, akifuatana na mtu mwema mmoja mchapishaji wa vitabu, jina lake George Zieber, ambaye alikuwa amekwisha kumkopesha fedha nyingi. Walikodi nafasi katika karakana ya fundi Orson Phelps. Herufi hazikupata wanunuzi. Lakini Phelps alikuwa akitengeneza mashine za kushona za watu wengine, na mashine hizo zilikuwa mbovu, zikirudishwa kila siku kwa matengenezo. Phelps alimwomba Singer azitazame. Mwanzoni Singer aliona ni kazi ya dharau. Hakutaka kujishughulisha na kitu cha wanawake. Zieber na Phelps ndio waliomshika mpaka akakubali.

Nikatize hapa kwa jambo moja. Mahatma Gandhi, ambaye hakupenda mashine, mwaka 1924 aliitoa cherehani katika makatazo yake, akataja kuwa Singer aliibuni kwa kumhurumia mkewe alipomwona akihangaika na sindano. Ni hadithi nzuri na wengi wameikariri. Ukweli ni kuwa aliyemwona mkewe akihangaika na sindano alikuwa Howe. Singer mwenyewe alikuwa akisema waziwazi kuwa uvumbuzi haumshughulishi, anachotaka ni senti.

Watu hao watatu waliandikiana mkataba wa sharika. Zieber alitoa dola 40, Phelps akatoa karakana na mafundi, Singer akatoa akili yake. Alifanya kazi siku kumi na moja, usiku na mchana. Aliisimamisha sindano wima ipande na kushuka, na hapo kabla ilikuwa ikienda kwa ubavu. Akaweka meza ya kulaza kitambaa. Akaweka mguu wa chuma wa kukikandamiza kisiinuke. Na gurudumu la kukisogeza mbele, hata mtu akaweza kushona mshono mrefu na hata wa kupinda. Siku ya mwisho walijaribu na uzi ukashika ovyo. Mafundi walikwenda zao. Singer na Zieber wakatoka usiku wa manane kurudi walikolala, wakaketi njiani juu ya rundo la mbao, wamekata tamaa. Hapo Zieber akauliza, kama kwa kujisemea, kama Singer ameona kuwa vitanzi vya uzi vililegea upande wa juu wa kitambaa. Singer akakumbuka kwamba amesahau kuukaza uzi wa sindano. Walirudi, wakawasha taa, wakashona mishono mitano, kisha uzi ukakatika. Ilitosha. Tarehe 12 Agosti mwaka 1851 hati ilitoka, nayo ilikuwa kwa jina la Singer peke yake.

Msomaji atazame vizuri: tundu la sindano ni la Hunt, na kwa hati ni la Howe, mashine iliyotengenezwa ilikuwa ya watu wengine, karakana ni ya Phelps, fedha za Zieber, na neno lililofungua fundo la mwisho limetoka kinywani mwa Zieber. Sisemi kuwa Singer hakufanya kitu. Mashine zilizomtangulia hazikuweza kushona kutwa bila kuharibika, na ya kwake iliweza, na hiyo ni kazi kubwa ambayo wengi waliishindwa kwa miaka. Ujira alistahiki, na ujira mzuri. Lakini angalia yaliyofuata.

Phelps alitolewa katika sharika kwa dola 4,000. Akaingizwa wakili, Edward Clark, aliyepewa theluthi ya biashara kwa sababu ya kazi ya kuilinda mahakamani. Mwishoni mwa mwaka 1851 Zieber aliugua homa kali. Singer alikwenda kumzuru akamwambia kuwa tabibu amesema hatapona, na kwamba ni bora auze sehemu yake ili watu wake wapate chochote. Mgonjwa akaiuza theluthi yake kwa dola 6,000. Kisha akapona, na ikambainikia kuwa tabibu hakusema neno kama hilo. Zieber aliishi miaka mingi baada ya hapo na akaandika khabari hizi kwa mkono wake, naye aliona thamani ya ile theluthi ikipanda mpaka mamilioni. Nimesoma khabari za dhuluma nyingi za wafalme na majemadari, lakini hii ya mtu kukaa kitandani kwa mshirika wake mgonjwa na kumfanyia biashara kwa khofu ya mauti imenikaa moyoni kuliko nyingi katika hizo.

Howe naye alikuja kudai. Kwanza alitaka dola 25,000, na Singer akatishia kumsukuma ngazini. Baba yake Howe aliweka shamba lake rehani ili mwanawe apate fedha za mawakili. Clark alijitahidi kuibatilisha hati ya Howe kwa njia ya werevu: alimtafuta Walter Hunt, akamwambia aende kuidai haki yake ya zamani. Hunt alikwenda serikalini mwaka 1853, na mwaka uliofuata serikali ikakubali kuwa kweli yeye alimtangulia Howe, lakini ikaamua kuwa aliiacha mashine yake muda mrefu bila ya kuiombea hati, basi haki yake imepotea. Ndivyo sharia ile ilivyokuwa: aliyeona aibu kuwakatia wanawake riziki zao hakupata kitu, na aliyekwenda upesi kuandikisha akapata. Howe alishinda mwaka 1854, na Singer akamlipa dola 15,000.

Kufikia hapo kila mwenye kiwanda alikuwa na hati ya kipande kimoja, huyu sindano, huyu meza, huyu njia ya kusogeza kitambaa, na kila mmoja akimshitaki mwenziwe. Mashine moja haikuweza kuundwa bila ya kuvunja hati ya mtu. Mwaka 1856 walikutana Albany, na badala ya kupigana wakapatana: Singer na Clark, makampuni mawili mengine, na Howe. Waliziweka hati zao zote pamoja, na yeyote katika Marekani aliyetaka kutengeneza cherehani ikambidi alipe dola 15 kwa kila moja, na katika hizo dola 5 zilikuwa za Howe. Yule aliyezika mke kwa nguo za kuazima akawa milionea. Inakisiwa kuwa alipata dola milioni mbili kabla ya kufa kwake mwaka 1867. Katika vita vya Wamarekani wao kwa wao alijiandikisha askari wa kawaida, na mishahara ya kikosi chake ilipochelewa aliwalipa wenzake kwa fedha zake mwenyewe. Hili yapasa lisemwe, kwani tukimhukumu mtu kwa mali yake lazima tutazame na alivyoitoa.

Singer na Clark walipata zaidi. Na mali yao kubwa ilitokana na hila ya biashara kuliko chuma. Mashine ilikuwa ikiuzwa kiasi cha dola 125, na jamaa ya kawaida katika Marekani ilikuwa ikipata kama dola 500 kwa mwaka mzima. Mwaka 1856 Clark alizua mpango wa kulipa kidogo kidogo: mtu alitoa dola 5, akaichukua mashine nyumbani, kisha akalipa kila mwezi. Mpaka senti ya mwisho ilipwe mashine ilikuwa ya kampuni, na aliyeshindwa kulipa ilirudi kwa wenyewe na aliyokwisha kutoa yakahesabiwa kodi. Wanawake walifunguliwa mlango wa kupata kitu ambacho waume zao wasingeweza kukinunua kwa mara moja, na wengi walijitegemea kwacho. Na wengine walikipoteza kwa sababu ya mwezi mmoja wa maradhi. Mwaka 1856 kampuni iliuza mashine 2,564. Mwaka 1870 iliuza zaidi ya 127,000.

Faida iliyowafikia watu isikanushwe. Shati la mwanamume lililochukua zaidi ya masaa kumi na manne kulishona kwa mkono likawa la saa moja na robo. Macho mangapi ya wanawake yalisalimika! Lakini khofu ya yule binti wa Hunt nayo haikuwa upuuzi. Ujira wa washonaji haukupanda pamoja na kazi yao. Walishona mashati mengi zaidi kwa fedha zile zile, katika vyumba vya joto, na faida ya wepesi ule ikaenda kwa wenye viwanda na wenye hati.

Singer alijenga nyumba ya fahari New York, katika mtaa wa Fifth Avenue, akawa na magari ya farasi yaliyoshangaza mji. Ndipo siri zake zikafichuka. Mwaka 1860 alimwacha mkewe Catharine kwa talaka ya mahakama. Mary Ann alidhani sasa ndipo atakapoolewa baada ya miaka yote ile. Siku moja alimkuta Singer barabarani ndani ya gari na mwanamke mwingine, na ikadhihirika kuwa ana nyumba nyingine kadha katika mji ule ule, na watoto katika kila nyumba, kila mama akitumia jina tafauti. Kwa ghadhabu ya kufichuliwa alimpiga Mary Ann, akakamatwa na polisi, kisha akakimbilia Ulaya. Watu wa dini yetu hushutumiwa kwa wake wanne wenye haki na mahari na urithi. Lakini sitaki kuingia katika ubishi huo hapa. Mwaka 1863 alimwoa Isabella Boyer, na mwaka huo huo sharika yake na Clark ilivunjwa ikageuzwa kampuni ya hisa, na sehemu kubwa ya hisa ikawa yao wawili. Tangu hapo Singer hakuwa na kazi ila kupokea. Alikwenda kukaa Paignton, kusini mwa Uingereza, akaanza kujenga jumba kubwa lenye mahali pa michezo ya jukwaani, na kabla halijakamilika akafa tarehe 23 Julai mwaka 1875, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu.

Aliacha mali ya kiasi cha dola milioni 13, na watoto zaidi ya ishirini. Mali iligawanywa kwa wasia wa matakwa yake. Mwanawe mkubwa William, aliyesimama upande wa mama yake wakati wa talaka, alipewa dola 500. Mary Ann, aliyelala naye njaa katika siku za jukwaa, hakutajiwa kitu. Clark, ambaye hakubuni hata msumari mmoja wa cherehani, alikufa mwaka 1882 akiwa tajiri kuliko Singer.

Ama upande wa fiqhi, wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Baadhi yao waliona kuwa ilimu haimilikiwi, na mwenye kuijua hana ruhusa ya kuwazuia wengine. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kuwa haki ya mvumbuzi ni mali yenye thamani, inafaa kuuzwa, wala haijuzu kuivunja. Mimi naielekea kauli hii ya pili, na visa vya Hunt na Thimonnier vyanizidisha yakini: jamii inayomwacha mwenye kipaji afe na deni inajidhulumu yenyewe. Lakini kuwa na haki ya mali hakumaanishi kila njia ya kuikuza ni halali. Kazi ya siku kumi na moja ina ujira wake, na hata tukiuzidisha mara mia haufiki milioni 13. Yaliyozidi yana asili nyingine, na asili hizo nimezitaja: sehemu ya mshirika mgonjwa, kazi ya fundi aliyetolewa kwa bei ndogo, na mapatano ya Albany ya kuizuia nchi nzima isitengeneze kitu ila kwa ushuru wao. Hilo la mwisho naliona lashabihi ihtikari, ingawa sharia ya nchi ile iliruhusu.

Na dalili yake ni bei. Hati za mapatano yale ziliisha muda wake mwaka 1877. Mara moja viwanda vingine vikaingia bila kulipa ushuru, na kampuni ya Singer yenyewe ikapunguza bei ya mashine zake karibu nusu. Kazi haikufa, wala kampuni haikufilisika. Mwaka 1880 iliuza mashine zaidi ya 500,000 kwa mwaka mmoja. Mwaka 1885 ilifungua kiwanda kikubwa Clydebank, Scotland, kilichofanya kazi mpaka mwaka 1980, na nyingi katika cherehani kuukuu zilizoko kwenye baraza zetu zimetoka huko. Kwa hiyo ile nusu ya bei iliyoondoka mwaka 1877, kwa miaka ishirini na moja mwanamke masikini alikuwa akiilipa na haikuwa bei ya chuma wala ya kazi ya fundi.

Nilimweleza mzee wetu khabari hizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Hunt alipata chochote hatimaye. Nilimjibu kuwa mwaka 1858 Clark aliahidi kumlipa dola 50,000, na Hunt akafa mwaka 1859 kabla ya kulipwa. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema basi kumbe yeye amekula miaka yote kwa mkono wa mtu asiyemjua hata kwa jina, akaniomba nimwandikie jina hilo kwenye karatasi.

Singer amezikwa Torquay, karibu na jumba lake. Walter Hunt na Elias Howe, waliokuwa mahasimu mbele ya serikali, wamezikwa katika makaburi mamoja, Green-Wood, mjini Brooklyn.